Kwa Niaba ya Athanasi

Katika ukoo wa Athanasi, jina la mtu halikukosa wa kuliitikia hata kama mwenyewe hayupo. Uwe safarini, uwe shamba, uwe umelala na homa, yupo ndugu atakayesimama mahali pako na kusema "yupo". Jumuiya ikisoma majina, wifi anamwitikia wifi. Msiba ukitokea Peramiho, anakwenda mmoja na kutoa pole kwa niaba ya nyumba tano. Hakuna aliyeliita jambo hilo uongo. Walisema ni upendo, na mara nyingi ulikuwa upendo kweli.

Aliyelichukia alikuwa mmoja tu, naye ni Athanasi mwenyewe. Mtu wa kunyooka kupita kiasi, wa kuchosha, Mungu anisamehe. Mwaka mmoja, siku ya uhakiki wa wakulima wa mbolea ya ruzuku, yeye alikuwa shamba na mdogo wake Thadei akamwitikia. Athanasi aliporudi akaenda kwa mtendaji na kusema, "Mimi sikuwepo. Futa." Mtendaji akafuta. Msimu ule walilima bila mbolea, mahindi yakatoka ya manjano, mafupi, ya aibu. Athanasi hakujuta hata kidogo. Aliyejuta ni mkewe, Walburga, ambaye alikula msimu mzima kwa kupima pishi. Tangu hapo, ukimwambia "jina limekatwa" alishtuka kuliko ukimwambia kuna nyoka uvunguni.

Sasa, mwaka juzi mwezi wa Julai, watafiti walifungua chumba pembeni mwa zahanati moja huko Mjimwema. Walikuwa wakiwatafuta watu wenye virusi vya homa ya ini, vile vinavyokaa mwilini kimya miaka na miaka, halafu siku moja ini likaota saratani. Daktari wao aliitwa Daimu, kijana wa Tunduru mwenye sauti ya upole, na alieleza kwa namna ambayo hata bibi vizee walielewa. Saratani ya ini ikianza, alisema, kabla hujasikia maumivu yoyote, mara nyingi humwaga protini fulani kwenye damu. Protini hiyo inapimika. Namba ikianza kupanda, tunakuita, tunapiga picha ya ini, na tukibahatika tunakuta kitu kingali kidogo, wenzetu wa Dar wanakikata.

"Lakini namba moja haitoshi," aliwaambia. "Tunalinganisha ya leo na ya miezi sita iliyopita. Kwa hiyo kila miezi sita mje mtoe damu. Akikosa mtu zamu yake, nafasi yake tunampa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi."

Athanasi alikutwa na virusi. Siku ile walimtoa damu chupa nne, akarudi nyumbani akilalamika kwamba wamemkamua kama ng'ombe wa masista. Majibu yalikuwa mazuri: namba yake ilikuwa tano, wakati mwisho wa kawaida ni kumi. Simu iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa ya Walburga, kwa sababu kule Muhukuru walikokuwa na shamba, mtandao ulipatikana kwa kupanda juu ya kichuguu tu.

Januari ikafika, zamu ya pili. Athanasi alikuwa Muhukuru, kwenye kibanda cha shamba, palizi imepamba moto na barabara imekuwa tope tupu. Zahanati wakapiga simu mara ya kwanza, wakapiga mara ya pili. Walburga akawaza: nikimwita, ataacha palizi, magugu yatamlia mahindi, na palizi haisubiri mtu. Nisipomwita, jina litakatwa. Basi akafanya kile ambacho ukoo ule ulifanya siku zote. Akachukua kadi, akaenda Msamala kwenye karakana ya useremala ya Thadei, ambaye alifanana na kaka yake kiasi cha watu kuwachanganya kanisani.

"Damu, shemeji?" Thadei aliuliza, randa mkononi.

"Ni mkono tu, Thadei. Unakaa, wanachoma, unaondoka."

"Kaka akijua je?"

"Atajuaje? Hatuibi kitu. Ni jina tu lisikatwe."

Thadei akajipangusa vumbi la mbao, wakaenda pamoja. Nesi aliyekuwepo alikuwa mgeni. Alisoma kadi, akauliza, "Athanasi?" Thadei akasema, "Ndiyo, dada." Shughuli ikaisha kabla chai haijapoa.

Baada ya siku tisa ujumbe uliingia kwenye simu ya Walburga: Ndugu Athanasi, majibu yako ya damu ni ya kawaida. Karibu tena baada ya miezi sita. Akampigia mumewe siku alipojua atakuwa amepanda kichuguu.

"Wamempima nani?" Athanasi akauliza. "Mimi si niko huku?"

Jibu alikuwa nalo tayari, na alilitoa bila kumeza mate. "Ile damu ya kwanza ilibaki nyingi. Wameipima hiyohiyo."

Athanasi alicheka sana. "Nilijua tu. Chupa nne zile zisingeisha bure."

Hapa pana jambo ambalo Walburga mwenyewe hakuweza kulieleza baadaye, na mimi sijui kama nitaliweza. Aliuamini ujumbe ule. Alijua mkono uliochomwa ulikuwa wa nani, alikuwa amesimama pale pale mlangoni akiutazama. Lakini ujumbe ulikuwa na jina la Athanasi, umetumwa na watu waliosoma, na kila alipoufungua jina lilikuwa palepale. Wiki zilivyopita, Thadei akazidi kufutika, hadi kufikia Pasaka ilikuwa kana kwamba Athanasi alikwenda mwenyewe. Hofu ya jina kukatwa ilikuwa imemla akili, akasahau kwamba anayeugua si jina.

Julai ikawa hivyohivyo. Ilikuwa wakati wa kupukuchua mahindi, na wezi wa mahindi shambani hawalali, kwa hiyo Athanasi hakuweza kutoka. Safari hii Thadei hakuuliza kitu. Ujumbe ukaja: ya kawaida; Walburga akamwambia mumewe ni damu ileile iliyobaki. Na wiki ileile Athanasi aliteremka mjini na gari la magunia, akakaa kwenye kigoda, akajishika ubavu wa kulia.

"Mama Remmy, kuna kitu kinanichoma hapa. Kama nimelalia kigingi."

"Ni hayo magunia unayobeba kama kijana. Damu si imesema uko safi?"

"Imesema."

"Basi."

Naye akaridhika. Alikuwa mtu wa kuamini neno la mkewe kwa kuwa la kwake mwenyewe liliaminika. Akaanza kunywa mizizi ya vidonda vya tumbo, akarudi Muhukuru kuandaa shamba la mwaka mpya.

Januari hii hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe, suruali ameifunga kwa kamba ya katani, tumbo limemtangulia, macho ya manjano. Walburga alipomwona akishushwa kwenye pikipiki aliangusha sufuria. Kesho yake alfajiri alimpeleka Mjimwema, akimshika kiuno njia nzima, na kadi ile aliishika yeye.

Dokta Daimu alimtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka kwenye picha, akaagiza majibu yaharakishwe. Siku ya tatu, Athanasi akiwa amelala chumba cha pili na dripu ya maji mkononi, daktari alimwita Walburga peke yake.

"Kaa, mama." Mbele yake palikuwa na karatasi yenye mstari uliochorwa. "Tazama hapa. Julai ya mwanzo, tano. Januari, nne. Julai iliyofuata, tano." Akavua miwani. "Sasa hivi ni elfu tatu na mia nane. Na picha inaonyesha uvimbe umekwishakula nusu ya ini."

Walburga aliutazama mstari. Ulikuwa umelala kutoka mwanzo, halafu ukapanda wima hadi nje ya karatasi. Pale ulipolala palikuwa pa Thadei. Yote yakamrudia kwa mpigo: randa, vumbi la mbao, nesi mgeni, "ndiyo, dada". Akaificha mikono ndani ya khanga.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," daktari alisema. "Ama kipimo hakikuona, ama huku maabara kwetu tulichanganya chupa. Nimekwishaandika barua kwa wakubwa, wachunguze. Lakini hiyo ni kazi yetu. Wewe nakuomba radhi, mama. Tulimwambia mzee yuko salama, na hakuwa salama."

Pale ndipo ulipokuwa wakati wake wa kusema. Kijana yule alikuwa amemtazama machoni, anasubiri hata atukanwe.

"Haidhuru, daktari," Walburga alisema.

Alisema hivyo, mtu mzima, rozari shingoni. Alipokea radhi isiyo yake akaondoka nayo. Dawa za maumivu ziliwekwa kwenye mfuko, wakaambiwa Dar hakuna la kufanya tena, wamtunze mgonjwa nyumbani.

Jioni ile Thadei alifika getini, amekwishasikia. Alikuwa analia waziwazi. Alitaka kuingia aseme. Walburga alimzuia kwa mkono. "Ukifungua mdomo utamuua kabla ya siku zake," alimwambia. "Unataka afe akijua?" Thadei akarudi Msamala na hakuonekana tena. Athanasi akawa anauliza kila siku, "Mdogo wangu nimemkosea nini?" Na Walburga akawa anajibu kwamba kazi zimembana.

Kwa wiki tatu aliishi hivyo. Alimwogesha mumewe, alimgeuza, alimkanda miguu iliyovimba, na usoni alijikaza kisabuni. Moyoni alikuwa amekwisha. Alijiambia kwamba ananyamaza kwa ajili yake, ili Athanasi afe ana amani. Nyakati nyingine aliamini. Nyakati nyingine alijua vizuri kabisa kwamba ananyamaza kwa sababu anaogopa uso wa mume wake utakavyobadilika.

Ndipo siku ya Jumanne akaja Biasha.

Biasha alikuwa mwenyeji wa Nalasi, anauza korosho pale Msamala. Mumewe Hamisi alikufa kwa ini hilohilo, na yeye mwenyewe alikutwa na virusi, akaandikishwa kwa Dokta Daimu siku moja na Athanasi. Alikuja na kifurushi cha korosho zilizomenywa, akaketi kwenye mkeka karibu na kitanda.

"Pole, kaka Athanasi."

"Nimepoa, Mama Nasrin. Habari za kule?"

"Salama, alhamdulillahi." Akakunjakunja pindo la mtandio. "Nimekuja kuwaona, na nimekuja kuwaambia. Keshokutwa Alhamisi ni zamu yangu ya kutoa damu. Siendi."

"Huendi kwa nini?" Walburga aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Mama Remmy, wallahi siendi. Sokoni wote wanasema. Damu ya kaka huyu walisema safi, safi, safi, na leo huyu hapa tunamtazama. Kama hawakuona kitu cha ukubwa huu, kwangu wataona nini? Wenzangu wanne nao wameacha. Heri nikae na korosho zangu, nimwachie Mwenyezi Mungu."

Athanasi akajiinua kwa kiwiko. Kujiinua kule kulimgharimu, jasho lilimtoka. "Umefanya vizuri," alisema. "Usiende. Msikilize mtu anayejua. Walinipima, wakapima tena, wakanituliza. Wangeniambia hawajui, ningetafuta kwingine mapema. Wale wanatuchezea tu. Waambie na wengine kwamba Athanasi ndiye amesema."

Walburga alimtazama mume wake. Mtu aliyekataa mfuko wa mbolea kwa sababu hakuwepo, sasa alikuwa anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakuwepo, kwa kinywa chake, na jina lake juu. Kisha akamtazama Biasha, macho yake meupe, mwili wake wenye afya, miaka arobaini na mbili. Huenda ndani yake hakuna kitu. Huenda kipo, kimeanza wiki hii.

"Atakwenda," Walburga alisema.

"Nani?" Athanasi akauliza.

"Biasha atakwenda Alhamisi." Alikuwa amesimama, hakumbuki alisimama lini. "Haikuwa damu yako, Baba Remmy."

Athanasi alikuwa bado ameegemea kiwiko.

"Unasema nini?"

"Ile ya Januari, na ile ya Julai. Haikuwa yako. Hakuna damu iliyobaki, nilikudanganya. Alitoa Thadei. Nilimtuma mimi, jina lako lisikatwe. Kipimo hakikukosea. Kilimpima mtu mzima, kikasema ni mzima."

Biasha alijiziba mdomo kwa mtandio. Akatafuta kandambili zake kwa miguu, akazipata, akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitakwenda," akatoka bila kuaga.

Athanasi alijilaza taratibu. Halafu akasema, "Mpigie daktari. Weka sauti ya nje."

Walburga akapiga, akasema yote tena kuanzia mwanzo.

"Zote mbili?" Dokta Daimu aliuliza.

"Zote mbili."

"Asante kwa kusema, mama." Ule upole haukuwemo kwenye sauti yake. "Nitawaandikia wakubwa leo hii."

"Daktari," Athanasi akaita. "Ni mimi mgonjwa. Ningekuja mwenyewe Januari ile, ungeona?"

"Mzee, si rahisi kusema..."

"Sitaki cha kunifariji. Nimefarijiwa vya kutosha."

Daktari alivuta pumzi. "Julai ningeona, hilo halina mashaka. Januari, nadhani namba ingekuwa imeanza kupanda, tungekupiga picha. Uvimbe ungekuwa mdogo wa kukatwa."

"Na mtu akishakatwa?"

"Wapo wanaoishi miaka, mzee."

"Asante, mwanangu."

Simu ikazimwa. Walburga alisubiri kelele. Alizitaka kelele. Angetukanwa, angepigwa hata na kikombe, angeshukuru. Athanasi aliangalia dari la bati, kisha akauliza kwa utulivu kabisa, kama anayeuliza saa.

"Palizi ile ya Januari iliyonizuia nisije. Ilikuwa imebaki ekari ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," Athanasi akarudia, akafumba macho.

Tangu saa ile akawa na adabu naye. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko ile. Miaka thelathini na moja ya ndoa, mtu huyu hakuwahi kuomba maji nyumbani kwake. Aliyaita, na yakija alilalamika kwamba ya moto. Sasa alisema, "Naomba maji, Walburga." Akinywa alisema, "Asante." Jina lile la ubatizo alikuwa hajalitumia tangu Remmy, mtoto wao wa kwanza, alipozaliwa. Walburga akimgeuza kitandani, yeye alimshukuru kama anavyoshukuriwa nesi.

Walburga alipiga magoti siku moja mchana, akashika ukingo wa kitanda. "Baba Remmy, nisamehe. Nilikuwa nakupenda. Nilikuwa naogopa."

"Nimekusikia," Athanasi alisema. Akageuza shingo upande wa ukuta.

Walburga hakukata tamaa mara moja. Alijifariji kwamba mumewe ni mtu wa pole pole, analipima neno kabla ya kulitoa, atalitoa. Kila asubuhi aliingia na beseni la maji akimtazama usoni kama limefika. Halikuwa limefika.

Jumapili baada ya misa, Thadei alikuja. Safari hii hakuzuiwa. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa, ndevu zimemjaa, na alipofika kitandani akaanguka kifua juu ya shuka akilia kwa sauti kubwa ambayo majirani waliisikia. "Kaka, mimi ndiye nimekuua. Kaka, ni mkono wangu huu."

Walburga alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Alisimama. Alijua kwamba sasa Athanasi atalazimika kusema, na atakalomwambia Thadei litawahusu wote wawili.

Athanasi alinyanyua mkono wake uliobaki mifupa, akauweka juu ya kichwa cha mdogo wake. Akakipapasa kwa muda, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto wakichunga mbuzi wa baba yao.

"Inuka," alimwambia. "Inuka, mdogo wangu. Wewe huna kosa. Wewe ulitumwa tu."

Walburga alisubiri. Kikombe kilikuwa kinamuunguza vidole, hakukibadilisha mkono. Alisubiri sentensi ya pili. Alimwona mumewe akiinua macho kumtazama pale mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, akamtazama vizuri, bila hasira yoyote. Halafu macho yale yakarudi kwa Thadei.

"Mpokee shemeji yako kikombe," Athanasi alisema. "Kuanzia leo uji utaninywesha wewe."

Thadei alijifuta uso kwa kiganja, akaja mlangoni, akakipokea. Hawakutazamana. Kwa siku kumi na tatu zilizobaki, Walburga aliupika uji jikoni, akauchuja, akaupoza, akauleta hadi kizingitini, na Thadei akamnywesha.